Nani alisema y iende juu? Historia ya mstari mnyoofu kwenye grafu

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinizidi. Leo narudi na kisa cha aibu yangu mwenyewe pamoja na somo la historia. Tafuteni chai kwanza, maana ni ndefu kidogo.

Miezi kadhaa iliyopita chama kimoja cha ushirika cha maziwa, ambacho sitakitaja jina, kiliniomba nikitengenezee programu ndogo ya kuonyesha maziwa yanayoletwa na wanachama. Mkutano ulikuwa karibu, na wanachama walitakiwa kupiga kura kama wakope pesa za kununua tangi kubwa zaidi la kupozea maziwa. Nilikuwa na usiku mmoja tu. Badala ya kutumia maktaba ya kuchorea grafu ambayo wengine wameshaijaribu, nikajidai fundi, nikaandika msimbo wa kuchora mstari mimi mwenyewe. Namba za pembeni sikuziweka. Nilijiambia nitaziongeza baadaye.

Projekta ikawashwa. Mstari ukaonekana ukutani, ukianzia juu kushoto na kuteremka hadi chini kulia. Ukumbi ukanyamaza. Mzee mmoja aliyeketi mstari wa mbele akainua mkono.

"Kijana, hebu nieleze. Ng'ombe tumeongeza, wanachama tumeongeza. Mbona maziwa yanashuka?"

"Hapana mzee wangu, yamepanda," nikajibu. "Kutoka lita 1,200 kwa siku mwezi wa Januari hadi lita 1,800 mwezi wa Juni."

"Sasa hiyo picha ni ya maziwa ya nani?"

Watu wakacheka, lakini wengine hawakucheka. Niliona macho yakimgeukia mwekahazina, mtu ambaye hakuwa amefanya kosa lolote. Mama mwenyekiti akasema kwa upole kwamba kura isubiri mkutano ujao. Nikafunga tarakilishi yangu na kurudi nyumbani nikiwa mdogo kama punje ya haradali.

Kosa lilikuwa rahisi. Kwenye skrini, sifuri iko kona ya juu kushoto, na y huongezeka ukienda chini. Mimi nilichora kama nilivyofundishwa kidato cha kwanza, y ikienda juu. Grafu yangu ilikuwa sahihi kabisa, ila miguu juu, kichwa chini!

Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na nimechora mistari ya y = mx + c mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini usiku ule nilijiuliza swali ambalo sikuwahi kuuliza darasani: ni nani aliyesema y iende juu? Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, lakini silabasi ilikuwa ndefu, kwa hivyo tulipewa karatasi ya grafu, jedwali la x na y, rula, na amri: chora. Hakuna aliyetuambia kwamba ile mihimili miwili iliwekwa na watu, kila mmoja akiwa na shida yake. Hebu tuwatafute watu hao.

Pande mbili ambazo hazikuonana

Hapo kale kulikuwa na watu wa maumbo na watu wa hesabu. Watu wa maumbo walikuwa Wagiriki. Karibu mwaka 200 kabla ya Kristo, Apollonius wa Perga aliandika juu ya mistari iliyopinda inayopatikana ukikata pia, na aliipima kwa kutumia mistari ya kurejelea. Ila mistari yake ya kurejelea ilitokana na umbo lenyewe: umbo kwanza, vipimo baadaye. Hakuwa na mihimili iliyokaa tayari ikingoja umbo lolote lije.

Upande wa hesabu tukutane Baghdad, karibu mwaka 820, na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Kitabu chake kinaitwa al-Kitab al-mukhtasar fi hisab al-jabr wal-muqabala. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kubwa hapa: kitabu, muhtasari, hisabu, mkabala, yote ni maneno yetu, na hata jabr ni ndugu wa neno jabari. Kutoka kwa kitabu hicho dunia ilipata neno aljebra, na kutoka kwa jina la mwandishi tukapata neno algorithimu, ambalo sisi waandishi wa programu tunalia nalo kila siku. Lakini al-Khwarizmi hakuandika x wala y. Kila kitu alikieleza kwa maneno, hata namba. Michoro aliyokuwa nayo ilikuwa ya miraba ya kuthibitisha kanuni zake, si ya kuuonyesha mlinganyo kama mstari.

Basi upande mmoja ulikuwa na picha zisizo na milinganyo, na wa pili ulikuwa na milinganyo isiyo na picha.

Askofu aliyechora mwendo

Katikati ya karne ya 14, Mfaransa Nicole Oresme, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Lisieux, alifanya jambo ambalo ukiliona leo utasema ni grafu kabisa. Alichora mstari mlalo kuonyesha muda. Juu ya kila sehemu ya mstari huo akasimamisha mstari wima kuonyesha kasi ya wakati ule. Ukiunganisha vichwa vya ile mistari wima, unapata umbo.

Chukua matatu inayoondoka stejini. Ikiongeza kasi kidogo kidogo kwa kiasi kilekile kila sekunde, vichwa vya ile mistari vitalala kwenye mstari mnyoofu unaopanda, na umbo litakuwa pembetatu. Oresme alionyesha kwamba ukubwa wa eneo la pembetatu hiyo unalingana na umbali uliosafiriwa. Kwa hivyo umbali ni sawa na ule ambao gari lingeenda kwa muda huohuo likishika kasi ya katikati tangu mwanzo hadi mwisho. Na alifanya haya yote zaidi ya miaka 250 kabla ya Descartes!

Kilichomkosa ni herufi. Alikuwa na picha, lakini hakuwa na njia ya kuandika y = 3x + 2 na kusema: picha hii na maandishi haya ni kitu kimoja.

Herufi zilikuja mwaka 1591, na aliyezileta alikuwa mwanasheria Mfaransa, François Viète. Irabu kama A na E alizipa kazi ya namba zisizojulikana, na konsonanti kama B na D kazi ya namba zinazojulikana. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini ukiwa mwandishi wa programu utalielewa mara moja. Kabla ya Viète, kila hesabu ilikuwa na namba zake, ukimaliza unaanza upya. Baada yake, unaandika kanuni moja, na namba zinaingizwa baadaye. Ile m na ile c katika y = mx + c zisingewezekana bila wazo hilo: mstari mmoja wa maandishi unaobeba mistari yote minyoofu isipokuwa ile iliyosimama wima.

Fermat alitangulia, Descartes akapata jina

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo wengi wetu tulifundishwa nusu. Tuliambiwa kwamba René Descartes alikuwa amelala kitandani, akamwona nzi darini, akabuni mihimili. Ni hadithi tamu lakini haina ushahidi. Tuliambiwa pia kwamba mihimili ya x na y ni yake. Hapo pia kuna jambo.

Mwaka 1637, mjini Leiden, Descartes alichapisha kitabu chake Discours de la méthode, na nyuma yake akaambatisha insha iitwayo La Géométrie. Humo utakuta desturi tunayoifuata mpaka leo: a, b, c kwa namba zinazojulikana, na x, y, z kwa zisizojulikana. Utakuta pia maumbo yakigeuzwa kuwa milinganyo. Lakini ukiufungua kurasa kwa kurasa ukitafuta ile picha ya shuleni, msalaba wa mihimili miwili yenye pembe mraba na mstari unaoikata, hutaipata. Descartes alianza na umbo akitafuta mlinganyo wake. Aliweka mstari mmoja wa kurejelea pale palipomfaa, na mwelekeo wa pili aliuchagua kulingana na swali.

Sisi darasani tulifanya kinyume: tulipewa mlinganyo, tukatafuta mstari. Mtu aliyeshika njia hiyo ni Pierre de Fermat, mshauri wa mahakama ya Toulouse, aliyefanya hisabati kama burudani baada ya kazi. Aliandika kijitabu cha Kilatini ambacho nakala yake ya mkono ilifika Paris mwaka huohuo wa 1637. Wazo lake kuu, kwa maneno yangu, ni hili: kila mlinganyo unapobaki na namba mbili zisizojulikana, ncha ya mojawapo huchora mstari, ulionyooka au uliopinda.

Na mfano wake wa kwanza ulikuwa mstari mnyoofu. Aliuandika kwa herufi za Viète: D mara A ni sawa na B mara E. Anza kwenye nukta N. Tembea umbali A kwenye mstari mmoja. Kisha panda umbali E kwa pembe uliyoichagua. Kwa kuwa uwiano wa A na E haubadiliki, pembetatu zote unazopata zinafanana, na vichwa vyake haviwezi ila kulala kwenye mstari mmoja mnyoofu unaotoka N. Sisi leo tungeandika y = mx, huku m ikiwa D gawanya kwa B. Naam, somo zima la kidato cha pili limelala katika sentensi chache hizo.

Lakini Fermat hakukichapisha. Alifariki mwaka 1665, na kijitabu kikachapishwa mwaka 1679, miaka 42 baada ya kile cha Descartes. Kufikia hapo jina lilikuwa limeshamwendea mwenzake. Kama umewahi kuandika programu nzuri ukaiacha kwenye tarakilishi yako hadi mwingine akatoa ya kwake, pole, uko pamoja na watu wakubwa.

Nusu ya karatasi ilikuwa haipo

Kuna kitu kingine ambacho mstari wa Fermat haukuwa nacho: upande wa pili. Yeye na Descartes walipima umbali, na umbali ulikuwa chanya. Mstari wa Fermat ulianza N ukaenda upande mmoja. Ile karatasi yetu yenye robo nne haikuwepo.

Wazo lilienea kwa kazi ya walimu. Huko Uholanzi, Frans van Schooten aliitafsiri insha ya Descartes kwa Kilatini mwaka 1649 akaongeza maelezo, maana Descartes aliandika kwa mkato mno. Toleo la pili, la mwaka 1659 hadi 1661, lilibeba pia kazi ya Jan de Witt, aliyepanga kwa utaratibu milinganyo ya mistari minyoofu na iliyopinda. De Witt huyo ndiye aliyekuwa kiongozi mkuu wa serikali ya Uholanzi, na mwaka 1672 aliuawa na umati mjini The Hague. Kijana mmoja Mwingereza alijifunza kwenye tafsiri ya van Schooten: Isaac Newton. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1704 juu ya mistari iliyopinda, Newton alitumia mihimili miwili na namba hasi bila woga, na karatasi ikapata robo zake zote nne. Kabla ya hapo, mwaka 1692, Leibniz alikuwa ameshazipa zile namba mbili za nukta jina la Kilatini ambalo Kiingereza hulitumia hadi leo.

Je, alama ya hasi ina uzito gani? Wakenya tuna jibu letu. Ikweta ni mhimili mlalo wa dunia, nao unapita katikati ya nchi yetu. Nairobi iko kwenye latitudo −1.29 na longitudo 36.82. Sahau kile kistari kidogo katika programu yako ya ramani, na Nairobi itahamia kaskazini zaidi ya kilomita 280, kwenye nyanda za Samburu kupita Maralal. Mteja aliyeagiza chakula Kilimani atangoja sana.

Umbo la mlinganyo tunalolikariri lilitulia polepole katika vitabu vya kufundishia mwishoni mwa karne ya 18, hasa Ufaransa kwa Monge na Lacroix. Na hata leo si moja: sisi tunaandika y = mx + c, Wafaransa wanaandika y = ax + b. Mstari ni uleule.

Wakati huohuo grafu ilitoka kwa wanahisabati ikaenda kwa wananchi. Mwaka 1786 William Playfair, Mskoti, alichapisha London kitabu cha michoro ya biashara. Mmoja wapo ulionyesha bidhaa ambazo Uingereza ilinunua na kuuza Denmark na Norway kutoka 1700 hadi 1780, miaka kwa ulalo na pesa kwa wima. Namba za pesa aliziweka upande wa kulia. Mimi sikuziweka upande wowote!

Mstari unapoingia kwenye tarakilishi

Mstari wa Fermat hauna unene, nao una nukta zisizo na mwisho. Skrini ina pikseli, vijiraba vilivyopangwa kama vigae vya sakafu. Huwezi kuwasha nusu ya kigae. Basi utachoraje mstari mnyoofu juu ya vigae?

Mwaka 1962 Jack Bresenham, akifanya kazi IBM huko San Jose, alikuwa na shida inayofanana. Tarakilishi ya IBM 1401 iliunganishwa na mashine ya kuchora kwa kalamu, na kalamu iliweza tu kwenda hatua moja ndogo kwa wakati. Kuzidisha na kugawanya desimali kulichukua muda. Njia yake, iliyochapishwa mwaka 1965, hutumia namba kamili, kujumlisha, kutoa, na kuangalia alama tu.

Tujaribu kutoka (0, 0) hadi (5, 2). Tunatembea hatua 5 kulia na kupanda 2. Tunabeba namba moja ya deni, inayoanza na 2 × 2 − 5, yaani −1. Kila hatua: weka nukta. Kama deni ni kubwa kuliko sifuri, panda kigae kimoja na utoe 10 kwenye deni. Kisha, iwe umepanda au hukupanda, ongeza 4 na usogee kulia. Deni litakwenda −1, 3, −3, 1, −5, −1, na nukta zitakuwa (0, 0), (1, 0), (2, 1), (3, 1), (4, 2), (5, 2). Hakuna desimali hata moja, na kila nukta ndiyo iliyo karibu zaidi na mstari wa kweli. Chukua karatasi uhakikishe.

Na ile y inayokwenda chini? Skrini za zamani zilikuwa na mshale wa elektroni uliopiga picha kama tunavyosoma: kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Kumbukumbu ya picha ikapangwa hivyohivyo, kijiraba cha kwanza kikawa cha kona ya juu kushoto. Skrini hizo zimekwisha, lakini desturi imebaki kwenye kurasa za wavuti tunazozichorea leo. Wengine walichagua tofauti: faili za PDF huanza kona ya chini kushoto, kama karatasi ya shuleni. Hakuna aliyekosea. Kosa ni la anayedhani kuna mwelekeo mmoja tu ulioandikwa mbinguni. Kosa lilikuwa langu.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa msimbo. Eneo langu la kuchorea lilikuwa na urefu wa pikseli 400, na kila pikseli ilisimamia lita 10. Badala ya y = maziwa ÷ 10, nikaandika y = 400 − maziwa ÷ 10. Lita 1,200 zikaenda 280, lita 1,800 zikaenda 220, ambayo kwenye skrini ni juu zaidi. Iangalie vizuri hiyo dawa. Ni y = mx + c, ambapo c ni 400 na m ni −1/10. Mstari uliopinduka ulinyoshwa na mstari mwingine.

Mkutano uliofuata nilikwenda na grafu yenye namba pembeni, na sifuri imeandikwa kwa herufi kubwa. Yule mzee alikuwa palepale mbele. Nikamwamkia. Hakuuliza habari ya mteremko.

"Leo sifuri iko wapi?"

"Iko chini, mzee. Na maziwa yakiongezeka mstari unapanda."

"Hilo ungetuambia siku ile kabla ya kuwasha mashine yako."

Kura ikapigwa mchana huo, na tangi likapita. Kabla hatujatawanyika nilisimama nikamwomba mwekahazina radhi mbele ya watu wote, maana nilimchafua mbele ya watu. Kwa hivyo wanafunzi mnaonisoma, mkipewa grafu yoyote, ya shule, ya gazeti au ya mwanasiasa, ulizeni swali la yule mzee kwanza. Tuonane tena, panapo majaliwa.